Viti vya Msiba Chumba Namba Tatu

Kwa Mkurugenzi,
Makumbusho ya Sanaa ya Mkoa
(nyumba ya marehemu mchoraji, ninayopakana nayo ukuta).

Ndugu Mkurugenzi,

KUHUSU: KURUDISHIWA VITI AROBAINI, MASUFURIA MATATU, CHUPA SITA ZA CHAI NA KANDAMBILI MOJA YA MGUU WA KUSHOTO

Salamu nyingi zikufikie hapo ofisini. Mimi ni mzima, ila presha inapanda na kushuka, na hiyo inayoipandisha ndiyo ninayokuandikia. Barua ya namna hii kwa kawaida humtakia heri mtu aliye mbali, lakini wewe uko karibu. Ukipiga chafya mimi nasikia jikoni kwangu, na nimekuwa nikikuitikia "afya" mwaka mzima bila wewe kujua.

Huenda jina langu lisikuambie kitu, kwa hiyo najitambulisha kwa kazi. Ninashona. Cherehani yangu iko barazani, na wageni wako wakipotea huja kuniuliza mlango wa makumbusho uko wapi, nami huwaonyesha bila kinyongo. Zaidi ya hapo, mimi ndiye mtunza vyombo wa chama cha kufaana cha mtaa huu, kazi niliyoifanya miaka kumi na tisa bila mshahara wala likizo. Ukifiwa unakuja kwangu machozi yakiwa bado mabichi. Natoa ufunguo shingoni, nafungua stoo, nakuhesabia viti, masufuria na chupa za chai, unatia sahihi kwenye daftari. Msiba ukiisha unarudisha, nami nahesabu tena. Katika miaka yote hiyo kimepotea kijiko kimoja tu, na hicho nacho kilirudishwa baada ya miaka minne na mjane wa aliyekichukua, tena amekisugua kinang'aa. Mtaani wananiita Mama Hesabu, na jina hilo sijawahi kulikataa.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana wewe ulikuwa hujahamia. Mchoraji wenu, ambaye sisi tulimwita Mzee Brashi, alifariki mwaka juzi. Hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na dada mmoja anayeishi mbali, na ndani ya nyumba yake kulikuwa na kitanda kimoja, stuli moja, na picha mpaka chooni. Waombolezaji hawakai juu ya picha. Nikafungua stoo nikatoa vyote: viti vyetu vyeupe vya plastiki arobaini, masufuria makubwa matatu, chupa sita za chai, turubai na kamba zake. Siku tatu mfululizo watu walijaa uani hapo hadi wengine wakasimama barabarani.

Siku ya tatu asubuhi, kabla hatujatawanyika, likaja gari la mkoa. Wakashuka vijana wanne wamevaa glavu nyeupe. Wapole hao! "Samahani mama," "pole sana mama," na kila kiti wanakibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Hakuna aliyetuambia kwamba asubuhi hiyo hiyo dada wa marehemu alikuwa ameikabidhi nyumba kwa mkoa, pamoja na "kila kitu kilichomo ndani ya uzio siku ya makabidhiano, kibaki kama alivyokiacha." Sisi tulidhani mkoa umetuma watu wa kutusaidia kukusanya vyombo. Nakuambia kweli tupu. Tuliambiana, jamani, tazameni wanavyomthamini msanii, wamemletea hata wa kumfanyia usafi. Tukawasaidia. Mimi mwenyewe niliwapangia viti kumi kumi wasije wakakosea hesabu. Walipotukataza kuosha masufuria tukaona ni huruma, wameona tumechoka. Fundi bomba wa mtaa wetu aliwaombea dua kwa sauti. Kisha wakatutoa nje kwa heshima zote, wakafunga geti, wakabandika karatasi. Watu husema asiyekuwapo na lake halipo. Sisi tulikuwapo, na letu likaondoka huku tunalisukuma wenyewe.

Makumbusho yalifunguliwa mwaka jana. Nilingoja mwaliko kama jirani, haukuja, nikaingia kwa tiketi kama mgeni yeyote. Niliyoyakuta humo ndiyo haya, nami nimeyapa namba kwa kuwa naona ninyi ni watu wa namba.

1. Viti vyetu vimepangwa duara katika Chumba Namba Tatu, ambacho kilikuwa sebule, vikazungushiwa kamba. Ukutani mmeandika: "Katika siku zake za mwisho mchoraji alijizungushia viti arobaini vitupu, kama mtu anayewasubiri wasiokuja." Ndugu Mkurugenzi, nilisoma mara mbili. Wasiokuja? Tulikuja! Muuza mkaa alifunga genge siku tatu. Mwalimu mstaafu alikuja na fimbo yake na mguu wake mbovu. Mtu alilala uani hapo ili marehemu asiachwe peke yake. Viti vile havikuwa vitupu hata dakika moja mpaka vijana wenu walipokuja kutuinua, na sasa kila mgeni anayepita hapo anatoka akiamini kwamba mtaa wetu ulimwacha mzee wa watu afe kama paka. Hilo limeniuma kuliko yote, na nitakuwa muongo nikisema limepungua.

Tena Mtaalamu wenu, yule mwenye miwani na daftari dogo, ameandika kwamba chini ya kila kiti kuna duara jekundu ambalo ni "saini ya siri" ya mchoraji. Saini gani? Hiyo ni alama ya chama. Kila chama kina alama yake ili vyombo visichanganyike, na yetu ni duara jekundu, ambalo hata mtoto wa chekechea angelichora akiwa amesinzia. Viti hivyo ni zawadi ya mfadhili mmoja asiyependa kutajwa jina, na naapa mbele yako kwamba Mzee Brashi hakuwahi kuvigusa wala kuvipaka chochote maishani mwake. Alikuwa mtu wa kuchora mawingu. Pazia lilikuwa linamshinda kutundika.

2. Masufuria. Kwa kuwa tulizuiwa kuyaosha, yamewekwa ndani ya kioo na ukoko wake wa wali. Maelezo yanasema marehemu "aligeukia chakula kama rangi, akajenga tabaka juu ya tabaka." Ukoko ule ni wa mpishi wetu wa zamu, mama mmoja mnene mwenye maneno mengi, aliyekwenda kupiga soga akasahau moto. Aibu hiyo tulikuwa tumeimaliza kimyakimya mtaani. Sasa wanafunzi wa shule nzima wanapangwa mstari kuitazama, na mwenyewe ameanza kuvimba kichwa, anasema yeye ni msanii. Msiba uliofuata aliunguza kwa makusudi.

3. Chupa za chai. Zipo sita, juu ya rafu, taa ya manjano inazimulika. Moja imefungwa plasta kwenye mpini, plasta niliyoifunga mimi. Mnasema zinawakilisha "joto linalofichwa." Naomba mjue kwamba moja ina chai ya mwaka juzi, maana niliitikisa kwa mkono kabla hawajaja vijana wenu na ilikuwa nzito. Chai siidai. Naidai chupa.

4. Kandambili. Ni ya fundi bomba, ya mguu wa kushoto, rangi ya bluu, kisigino kimelika upande. Mlipotutoa nje harakaharaka alivaa moja yake na moja ya mtu mwingine, na ile iliyobaki mkaiita "Safari ya Peke Yake." Fundi wa watu sasa anatembea na kandambili mbili zisizo ndugu. Alipokuja getini kwa adabu kuomba kiatu chake, mlimwuliza kama ana hati ya kuthibitisha umiliki. Mtu gani ana hati ya kandambili?

5. Sasa nakuja kwenye la nyumbani kwangu. Mlinzi wa Chumba Namba Tatu ni mkwe wangu, mume wa binti yangu mkubwa. Ni kijana mwema, ana haya, hajawahi kunitazama usoni tangu alete posa. Siku ile nilipomaliza kusoma maandishi ya ukutani nilihisi kizunguzungu. Kiti kilikuwa pale, tena kile cha mguu uliofungwa waya, ambacho nakijua kama ninavyojua magoti yangu. Nikavuka kamba nikakaa.

Mkwe wangu akapuliza filimbi. Kisha akagundua ni nani aliyempulizia. Basi filimbi ikaendelea kulia mdomoni mwake yenyewe, maana alikuwa amesahau kuitoa na pumzi zinamwenda mbio. Akaanza kusema, huku anatazama sakafu, "Mama, naomba usi... Mama, kanuni za... Shikamoo mama." Kundi la wageni lilikuwa limeingia, likanipiga picha. Bwana mmoja akamwambia mkewe anapenda sana makumbusho yanayotumia waigizaji.

Tangu siku hiyo mkwe wangu hakanyagi kwangu. Sahani yake ya Jumapili nafunika, nafunua, nafunika tena. Binti yangu yuko katikati, huku mama, huku mume, na kosa lake ni kuolewa na mtu mwenye kazi. Hilo nalo naomba mliandikie maelezo, mlibandike ukutani.

6. Nilifuata taratibu. Niliandika barua ya kwanza, fupi na tamu, nikiomba viti virudi. Nilijibiwa kwa fomu ya kurasa tano: "Maombi ya Kuazima Kazi ya Sanaa." Fomu inataka chumba cha kuwekea viti kisiwe na unyevu wala vumbi wala jua. Inataka mlinzi masaa yote. Inataka ahadi kwamba hakuna atakayevikalia. Na ukurasa wa nne inasema maombi yawasilishwe siku thelathini kabla ya tukio.

Ndugu Mkurugenzi, tukio lenyewe ni kifo. Niende kwa wagonjwa wetu niwaambieje? Kuna mzee hapa nyuma amelala kitandani tangu mwezi uliopita. Nimwambie, baba, tunakuombea upone, lakini ikiwa una nia nyingine basi tujulishe mapema, ujaze hapa na hapa, na hapa uweke dole gumba? Nilijaribu kumwuliza kwa mbali, kwa mafumbo. Binti zake wamenipiga marufuku kuingia kwao.

7. La mwisho ni jina langu. Tangu mchukue vyombo tumefiwa mara tatu. Mwalimu mstaafu, aliyekuja na mguu wake mbovu kumzika Mzee Brashi, naye alifariki, na watu walimlilia wamesimama kama wanangoja basi. Kwenye msiba wa mama yake mwenye bucha tulikalia matofali. Kwenye wa tatu mvua ilinyesha, na turubai mnalo ninyi, mmelikunja mkaliita sanamu. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa watu wananiuliza, "Mama Hesabu, hivi viti vilikwenda wapi hasa?" na hawaulizi kwa wema. Nikipita bombani wanawake wananyamaza. Wengine wanasema nimeviuza kwenu. Nimewapeleka wakavione kwa macho yao kupitia dirishani, na hilo limezidi kuharibu, kwa sababu wameviona vimepigwa taa, vimepangwa vizuri, na wamesema mali inayotunzwa hivyo haikuchukuliwa bure.

Nikaona nijishushe nikaombe mtaa wa pili watuazime viti. Mwenyekiti wa chama chao, mtu mmoja mwenye mdomo mrefu na kumbukumbu ndefu kuliko mdomo, alinisimamisha mlangoni. Akasema watu wa mtaa wetu wakiazima hawarudishi. Akasema zamani wao walikuwa na viti arobaini vyenye mstari wa kijani, na hadi leo hawajui vilikokwenda. Kisha akanitupia lile neno kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako, mbele ya watu, mimi mwanamke wa umri wangu! Mtu hunitukania mama nikanyamaza, lakini hanitukanii daftari. Nilitoka pale nikaapa kwamba nitavirudisha viti vyangu stoo hata kama itabidi nivibebe kimoja kimoja kichwani, ili yule bwana aje avihesabu, avigeuze, aone duara jekundu, aniombe radhi hadharani.

Kwa sababu hizo zote naleta maombi yafuatayo, nawe uchague moja.

Kwanza, rudisheni. Hili ndilo jepesi. Nitaleta mkokoteni mwenyewe, na vijana wenu wa glavu nitawapikia.

Pili, ikiwa viti haviwezi kutoka kwenda kwenye msiba, basi misiba ije kwenye viti. Tutakuwa tunamlilia kila marehemu wetu katika Chumba Namba Tatu, saa za kazi, kuanzia saa tatu hadi saa kumi, Jumatatu hatufi kwa kuwa mmefunga. Wageni wenu wataruhusiwa kutazama bila kugusa. Nadhani hata ninyi mtafaidika, maana kwa sasa chumba hicho kina huzuni ya kubahatisha, sisi tutawaletea halisi.

Tatu, kama hilo nalo ni gumu, tubadilishane. Nimechungulia ofisi yako kwa ngazi yangu ya kuanikia nguo, uniwie radhi. Nimehesabu kiti chako kikubwa cha ngozi chenye magurudumu, viti kumi na viwili vya chumba cha mikutano, na makochi mawili ya wageni ambayo sijawahi kuona mgeni juu yake. Tupeni hivyo. Tutavitunza kwa heshima, tutaviwekea kamba wakati hakuna msiba, na ukutani tutaandika: "Katika miaka yake ya kwanza kazini, Mkurugenzi alijizungushia viti kumi na tano, akavikalia vyote peke yake."

Nne, na hapa naomba usome taratibu. Hati yenu inasema mali ya makumbusho ni kila kitu kilichokuwamo ndani ya uzio siku ya makabidhiano. Siku hiyo, saa hiyo, mimi nilikuwamo ndani ya uzio. Fundi bomba alikuwamo. Mpishi wa ukoko alikuwamo, anapiga soga. Kwa mujibu wa daftari langu la rambirambi tulikuwa watu sitini na watatu. Ikiwa kandambili ya fundi ni mali yenu kwa sababu ilikuwa pale, basi na mguu uliokuwa ndani yake dakika tano kabla ni mali yenu. Hivyo tunakuja. Nipeni namba. Niwekeni mahali pasipo unyevu, maana paa langu linavuja, na pasipo jua kali, maana macho yananisumbua. Mtu asiniguse. Mtaalamu aje na brashi yake laini anipanguse vumbi kila asubuhi, na nikikohoa aitwe mtu wa kunikarabati. Chakula tutakula kile kile mnachokula ninyi mchana. Sitini na watatu siyo wengi, Mzee Brashi alitubeba katika ua ule ule siku tatu akiwa marehemu, sembuse ninyi wazima wenye bajeti.

Najua husemwa dua la kuku halimpati mwewe. Lakini kuku huyu anaishi ukuta mmoja na mwewe, na ana ngazi.

Nimalizie kwa salamu. Mpe salamu katibu muhtasi wako anayenipungia mkono dirishani. Mpe salamu Mtaalamu, mwambie sina ugomvi naye, ana macho mazuri, ameyaelekeza vibaya tu. Vijana wa glavu wasalimie sana, hasa yule mfupi aliyeniambia pole mara nne. Na mkwe wangu, kama utapita Chumba Namba Tatu, mwambie aje kula. Filimbi sitaitaja.

Ni mimi jirani yako, ninayesubiri kuhesabu,

Mtunza Vyombo,
Chama cha Kufaana cha Mtaa.

Tanbihi: Ndugu Mkurugenzi, bahasha nilikuwa nimekwisha kuifunga, nimelazimika kuifungua kwa mvuke wa birika. Mkwe wangu amekuja. Alisimama mlango wa jikoni, uso chini, akamwambia mkewe aniambie mimi, niliyekuwa hatua mbili kutoka kwake, kwamba Mtaalamu ameona rangi ya kijani inachungulia chini ya lile duara jekundu. Ameagiza dawa ya kuondolea rangi. Alhamisi atapindua viti, aiondoe nyekundu mbele ya watu, na amewaalika viongozi wa mitaa yote ya jirani washuhudie. Mwenyekiti wa mtaa wa pili ameshasema atakuja, tena atakaa mbele.

Naomba yote niliyoandika hapo juu uyahesabu kama hayakuandikwa. Viti visirudi. Viti visiguswe. Ongezeni kamba ya pili.

Miaka minane iliyopita mume wangu alifariki. Chama chetu wakati huo kilikuwa na mabenchi manne tu, na mtaa wa pili walituazima viti arobaini, vyote vina mstari wa kijani chini. Kuvirudisha ilikuwa kazi yangu. Wiki ya kwanza sikuweza kuinuka. Wiki ya pili nilifungua stoo, nikaviona vimepangwa, nikawakumbuka watu waliovikalia wakimlilia mume wangu, na mkono ukakataa kuvitoa. Mwezi wa tatu ilikuwa imeshakuwa aibu. Halafu mtunza vyombo wao akafariki, naye hakuwa mtu wa kuandika daftarini. Mtaa wangu niliwaambia ni zawadi ya mfadhili asiyependa kutajwa jina. Hilo angalau lilikuwa kweli, kwa sababu mfadhili hakujua kama amefadhili.

Mzee Brashi alinikuta stoo nalia. Sikumwambia kitu. Alipindua kiti kimoja, akaona kijani, akapindua cha pili, akaelewa. Hakunihubiria. Alikwenda kwake akarudi na kopo la rangi nyekundu na brashi nyembamba, akakaa kwenye sakafu ya stoo siku tatu, akachora duara juu ya kila mstari wa kijani, taratibu, ulimi nje kama mtoto wa shule. "Funika kombe mwanaharamu apite, jirani," alisema, akacheka mpaka machozi. Alisema tangu aanze kuchora watu wamekuwa wakimwuliza picha zake zina faida gani, na hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kuwa na jibu. Mimi nilikuwa namshikia kopo. Nilicheka pia, nikiwa mjane wa miezi mitatu, na nilijiona na dhambi kwa kucheka.

Kwa hiyo Mtaalamu hakukosea. Ni saini, ni ya siri, na ni ya mkono wake. Viti ni kazi ya sanaa, na sisi miaka yote ile tulikuwa tunaikalia.

Kandambili tu ndiyo naomba irudi, kwa kuwa fundi bomba hana hatia. Na yale maneno ya ukutani kuhusu wasiokuja myafute, hilo nalishikilia hata sasa. Huyo Mtaalamu mpeni safari ya masomo, iwe ndefu, aondoke Jumatano. Kama lazima ukweli ujulikane, msinikatalie siku zangu chache zilizobaki za kuitwa Mama Hesabu. Nitakapokufa, vitoeni vyote arobaini uani, watu wa mitaa yote miwili wakae, kisha Mtaalamu asimame aseme alichokiona. Ila ngojeni kwanza wawe wamekwisha kunililia.